Bustani Tuliyoilisha kwa Beseni

Goma ni mji wa jiwe. Ukitaka choo unachimba kwa nyundo na mtaimbo, na wanaume wawili wanaoanza kazi hiyo wakiwa marafiki, wakiumaliza mwezi wakiwa bado wanasalimiana, wana moyo. Udongo hapa si kitu cha kukanyaga tu. Kuna watu wanaoufungia mlango.

Kwa hiyo kila mgeni niliyempeleka kwenye bustani ile, upande wa juu wa Mabanga, aliona miti ya avoka tu, yaani yale maparachichi ya wengine. Mimi nilikuwa naona muujiza ambao mtu hajaulizwa bei yake. Miti arobaini na mmoja, nimehesabu mara mbili, imesimama mistari mitano juu ya jiwe la volkano ambalo halioteshi hata uongo. Wazee wanasema kituo cha kilimo kiliipanda kabla ya uhuru. Kituo kilikufa, waya wa uzio ukaibwa, nguzo za uzio zikafuata, miti ikabaki. Haikuwa ya mtu. Katika mji ambamo hata kivuli cha ukuta kina mwenyewe, bustani hii ilikuwa ya yeyote aliyepo.

Sheria zake zilikuwa mbili, na hakuna aliyeziandika. Ya kwanza: hakuna kupanda mti wala kuurushia jiwe, linaloanguka ni la aliyeko karibu. Ya pili: ukila, lisha. Ukiokota avoka, unarudi na kitu cha kuupa mti. Maganda ya viazi, majivu ya makala, yaani makaa, kinyesi cha sungura, na ukiwa na bahati ya kufika mahali penye udongo wa kweli, beseni la udongo. Wakulima waliotoka mashamba ya Kibati waliongeza fungu la udongo juu ya mzigo wa chukudu, ule mkokoteni wetu wa mbao wa magurudumu mawili, wakamwaga wakipita. Wafanyabiashara waliorudi kutoka Bunagana walikuja na fundo kwenye kona ya kitenge. Ukisahau, mama yeyote angekukumbusha mbele ya watu: "We papa, umekula mti wetu, na weye ni wa kula tu?"

Mama yangu alinipeleka pale nikiwa mdogo, baada ya volkano kupita juu ya nyumba yetu. Moto wenyewe siukumbuki vizuri. Nakumbuka kurudi. Mama alitafuta mahali pa nyumba kwa kuhesabu hatua kuanzia kona ya duka, na kona ya duka nayo haikuwepo. Tulikuwa tumesimama juu ya kitu cheusi, bado cha uvuguvugu, na chini yake kulikuwa na kitanda chetu. Kisha tukatembea, maana hakuna cha kufanya ukiwa umesimama juu ya kitanda chako, na tukafika kwenye kijani. Jiwe lilikuwa limepita kando, likasimama kwenye ukingo wa bustani, juu kuliko kichwa cha mama. Avoka moja ikaanguka. Mama akaipasua kwa kucha, tukala bila chumvi. Kesho yake alirudi na beseni la majivu.

"Nyumba hatuna," aliniambia, "lakini majivu Mungu alitupa mingi."

Ndiyo maana naeleza haya. Mtu wa mji mwingine ana nyumba ya babu, ana kaburi, ana mlango wa zamani. Sisi huku, kitu kikizeeka, volkano inakipitia au vita vinakihamisha. Ile miti ndiyo ilikuwa kitu pekee nilichoweza kukigusa ambacho kilikuwepo kabla ya mama yangu. Nilipoanza kuuza avoka za Rutshuru niliweka meza yangu kando ya bustani, kwenye barabara, ili niwe karibu. Wateja walidhani nauza za bustani. Sikuwasahihisha haraka.

Siku moja asubuhi nilikuta vigingi. Vigingi vya mbao vyenye kichwa chekundu, vimepigwa katikati ya mistari, na kamba imepita kati ya miti kama mtu anayepima suti ya marehemu. Nilihesabu vigingi, nikavirudia. Halafu nikamtafuta shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu chini ya komini, ile serikali ya karibu, mzee mpole ambaye habari mbaya zote humfikia mwisho.

"Shefu, hii miti imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, mama. Komini inatafuta fasi ya ofisi mpya. Ya etaji, gorofa juu ya gorofa. Na parking mbele, na barabara ipanuke."

"Parking ya nini? Gari yetu huku ni chukudu."

"Mama, maendeleo haibishake hodi."

"Mwizi naye habishi hodi," alisema jirani yangu. Huyu ni mama wa Butembo anayeuza makala meza ya pili kutoka yangu, Mkatoliki wa misa ya kwanza, mwenye ulimi ambao padri mwenyewe huupa nafasi. Kwa muda wote niliomjua, hajawahi kukubali kwamba mtu mwingine amesema la mwisho.

Tukaamua kufanya kitu, na tukafanya kosa ambalo ni watu wa Goma tu wanaoweza kulifanya kwa ujasiri wetu.

Huku, mtu akiogopa kwamba ndugu au tapeli atauza nyumba yake akiwa safarini, huandika ukutani kwa herufi kubwa: HII PARSELI HAIUZISHWE, yaani kiwanja hiki hakiuzwi. Basi tukanunua chokaa, tukaandika HAIUZISHWE kwenye kila shina, mbele na nyuma. Ilipendeza. Miti ilionekana kama wanafunzi wamevaa sare. Tulirudi nyumbani tukijisifu.

Mimi nilipaswa kujua. Maisha yangu yote nimenunua na kuuza, na hakuna anayeandika neno lile juu ya kitu kilicho salama. Kwa mtu wa Goma maandishi yale yana maana moja: hapa kuna ugomvi, na penye ugomvi bei iko chini. Chokaa ilikuwa haijakauka vizuri. Makomisioneri, wale madalali wa viwanja wanaotembea na folda tupu kwapani, wakaanza kushuka mmoja mmoja.

"Mama," mmoja alininong'oneza, ameinama juu ya avoka zangu kama anazichagua, "tuongee siye wawili tu. Ule mwenye anasema haiuzishwe, anataka ngapi?"

"Anataka wende," akajibu mama wa makala kutoka kule kwake.

"Siongei na weye, mama."

"Ni mimi naongea na weye."

Wa pili alitaka nusu ya bustani. Wa tatu alitaka miti tu, bila kiwanja, ya kupasua mbao, akagonga mashina kwa vidole kama anayenunua mbuzi. Mbaya zaidi, habari ikafika komini kwamba bustani ile, ambayo haikuwa na mwenyewe, sasa ina wenyewe wanaogombana. Shefu akaja na kofia mkononi.

"Mumeharibu, bamama. Mbele ilikuwa ya batu bote. Sasa banasema iko na konfli. Na konfli, Leta inaikata kwa kuchukua." Leta kwetu ndiyo serikali.

Tulisugua mashina kwa mchanga na brashi ya waya siku nzima. Mama wa makala alisali rozari nzima akisugua, na sidhani alikuwa akiwaombea madalali.

Kisha akaja mhandisi. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, akaniharibia. Alikuwa kijana wa adabu, akimwita kila mwanamke mama, akivua kofia kabla ya kuuliza. Komini ilikuwa imemtuma achimbe shimo moja katikati ya bustani, aone jiwe liko wapi, ili ajue msingi wa ofisi utakaa vipi. Alituambia kazi itakuwa fupi. Huku kwetu jiwe liko chini ya soli ya kiatu.

Vibarua wawili wakaanza. Tulisubiri ile sauti ya chuma kugonga jiwe, sauti ambayo kila mtoto wa Goma anaijua. Haikuja. Shimo likafika magotini. Watu wakaanza kusogea. Likafika kiunoni, koleo bado linaingia kimya, kama kijiko kwenye ugali. Mwuza maandazi akaacha mafuta yake jikoni. Likafika mabegani mwa kibarua, na tukabaki tunaona kofia tu ikizunguka. Ndipo chini kabisa tukasikia: kling.

Mhandisi alishuka mwenyewe kwa ngazi. Tukapiga magoti kuzunguka shimo, tukatazama ndani.

Kuta za shimo zilikuwa na mistari. Mstari wa kijivu, majivu ya miaka. Mstari mweusi uliolainika kama keki. Kijivu tena. Mstari mwembamba wa njano. Kipande cha sahani ya bati chenye ua la bluu kimechungulia ukutani. Kifungo cha shati. Kokwa za avoka zisizo na idadi. Shanga moja ya rozari. Na karibu na usawa wa kifua, utepe mwekundu, mwekundu kabisa, wa rangi ambayo nchi hii ya volkano haina.

"Huu hautoke huku," alisema mhandisi.

"Ni wa Butembo," alisema mama wa makala. Sauti yake sikuitambua. "Mama yangu alikuwa anauleta chini ya gunia ya maharagi. Kila safari. Tulimucheka. Baba alimwambia, weye unasafirisha shamba."

Mhandisi aliweka kiganja kwenye ule utepe mwekundu, akakiacha pale. "Nani alileta mengine yote?" aliuliza.

Jibu lilikuwa limepiga magoti kumzunguka. Nilitafuta mstari wa mama yangu. Majivu hayana jina, lakini nilichagua mmoja, wa kijivu, mnene kama kidole gumba, nikasema kimoyomoyo kwamba ni ule. Halafu mimi, ambaye huhesabu hata chenji ya sadaka, nikajaribu kuhesabu mabeseni. Shimo moja: mabeseni mangapi? Bustani nzima: mashimo mangapi kama hili? Nilianza, nikapotea, nikaanza tena, nikaacha. Ilikuwa kama kutaka kuhesabu watu waliokula. Tulikuwa tumeinua nchi, urefu wa mwanamume, kwa vichwa vyetu, na hakuna aliyekuwa ameona, kwa maana kila mtu aliona beseni lake tu.

Tulikwenda komini watatu: mimi, mama wa makala na shefu. Mhandisi alikuwa amefika kabla yetu na karatasi zake. Burugumesta, mkuu wa komini, mzee mnene mwenye macho ya kusinzia ambayo hayasinzii, alitupa viti, jambo lililoniogopesha. Mfanyabiashara akikupa kiti, bei imeshapandishwa.

"Bamama," alisema, "nimesikia maneno ya shimo. Ni mazuri. Lakini sheria munaijua. Udongo na vya chini ya udongo, vyote ni vya Leta."

"Muzee, hiyo sheria tunaiheshimia," nilisema. "Leta ichukue yake leo hii. Yake ni lile jiwe. Lilikuwa pale mbele ya siye kuzaliwa. Lakini hii nyeusi ya juu, hatukuikuta. Tuliileta na kichwa. Utuachilie kwanza tuondoe yetu, kisha jiwe lenu mutalikuta safi, tutalifagia."

Aliniangalia. "Mutaiondoa namna gani?"

"Vile tuliileta. Na beseni."

"Na itamaliza wakati gani?"

"Muzee, kuileta ilianza mbele ya uhuru. Lakini tutakaza."

Shefu alikohoa ndani ya kofia yake. Burugumesta alicheka taratibu, tumbo kwanza, kisha mabega, uso mwisho kabisa. Mhandisi akatumia kicheko kile kama mlango. Akaeleza kwamba nyumba ya etaji haisimami juu ya majivu na maganda. Kwamba ule udongo ungetolewa wote kwa malori kabla ya jiwe la kwanza la msingi. Na kwamba ng'ambo ya barabara kuna kiwanja cha depo ya zamani, ghala la komini, jiwe tupu, tayari.

Burugumesta alifuta macho. Nilijua kinachofuata, kwa sababu ndicho ningefanya mimi. "Ofisi itaenda depo," alisema. "Lakini barabara ni barabara. Msitari wa miti ya kando ya barabara utatoka. Ile minane."

Nilipinga. Nikashuka mpaka minne, akabaki minane. Nikaomba sita, akaniuliza kama nataka turudi kwenye arobaini na mmoja. Mwisho nilipata sharti moja: kabla ya mashine kugusa mti, udongo wa mstari ule tutauhamisha sisi, uende kwa miti inayobaki. Alikubali bila kufikiri, na mtu akikubali bila kufikiri huwa ninajua nimeomba kidogo.

Nilitoka nikijipongeza kwa miti thelathini na mitatu. Mama wa makala alitembea njia nzima mbele yangu. Tulipofika kwenye meza zetu ndipo akanigeukia.

"Uliandika haiuzishwe," alisema. "Na ni weye umeuzisha."

Nikazigeuza avoka zangu moja moja, zilizobonyea zikae chini.

Salongo, kazi ya pamoja ya Jumamosi, mara nyingi ni watu wachache wanaofagia huku wengi wakitafuta ufagio. Jumamosi ile watu walikuja na mabeseni mpaka barabara ikafungwa. Walikuja waliohama kartiye zamani, walikuja wa Kibati na chukudu zao, mapolisi wawili waliotumwa kulinda usalama wakavua makoti wakashika koleo. Tukaanza kuushusha udongo kuzunguka ile miti minane, na kadiri ulivyoshuka, mizizi ikaanza kutokea.

Mimi nauza tunda. Mzizi sikuwahi kuuwaza. Nilidhani unakwenda chini. Ungekwenda wapi? Chini ni jiwe. Ilikuwa imelala. Mizizi minene kama paja, kisha kama mkono, kisha kama kamba, imejilaza juu ya jiwe jeusi ikifuata kila wimbi la volkano ilipoganda, ikipanda na kushuka nalo, imebandikwa kama shuka lililolowa kwenye mwili. Haikuishia popote. Ilitambaa chini ya udongo ambao hatujautoa, kuelekea mstari wa pili. Watu walivua viatu kabla ya kukanyaga. Hakuna aliyewaambia wavue.

Mashine ilikuja Jumatatu. Dereva alifunga kamba ya chuma kwenye mti wa kwanza wa pembeni, akapanda, akavuta. Kamba ikakaza, ikaimba. Mti ukainama kidogo kuelekea barabara.

Na mti wa mstari wa pili ukatikisika.

Hakukuwa na upepo. Naapa. Majani yake yote yalitetemeka, kutoka shina hadi ncha, na hakuna aliyeugusa. Kisha ule wa mstari wa tatu. Kisha nyuma kabisa, mahali ambapo hata mlio wa injini ulikuwa umefifia, tukasikia avoka zikianguka: tu, tu, tu. Bustani nzima ilikuwa imehisi.

Mhandisi aliinua mikono yote miwili. Dereva akazima, akashuka, akauliza, "Ni nini?" akatazama juu, akaona majani bado yanacheza, akavua kofia yake polepole kama aliyeingia mahali pa watu.

Mhandisi alitambaa kwa magoti juu ya lile jiwe, akifuata mzizi mmoja kwa vidole, akaufukua kwa mkono pale ulipoingia kwenye udongo. Alipoinuka suruali yake ilikuwa imekwisha.

"Imeshikana," alisema. "Ilikosa pa kwenda, ikakutana, ikaota pamoja. Huu mzizi sijui ni wa mti gani. Sijui kama una mti wake. Nikitoa hii minane, naivuta yote."

Alisogea pembeni, akapiga simu. Burugumesta alikuja mwenyewe mchana, na viatu vyake vya ofisi. Alisimama ukingoni akiitazama mizizi, muda mrefu kuliko anaoutumia kwa hotuba. Nilisubiri aniangalie ili nianze. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyapanga, nimeyarudia. Hakuniangalia.

"Funikeni," alisema. "Itapata baridi."

Akarudi kwenye gari.

Basi tukafunika. Akili yangu yote ya biashara iliwafanya watu wa Mabanga watoe udongo uliochukua maisha ya mama zao kuuleta, na wiki ile ile waurudishe pale pale. Niliambiwa hivyo na kila aliyepita mbele yangu na beseni, na mama wa makala aliniambia mara mbili, kwenda na kurudi. Lakini Jumapili alinipa nafasi kando yake kanisani. Mti wa pembeni ulibaki umeinama; tuliuwekea nguzo ya mawe, na mwaka huu umezaa upande mmoja.

Barabara waliipanua pande zote isipokuwa pale. Inakuja pana, nyororo, ya kujidai, inafika kwenye bustani, inabanwa kama shingo ya chupa, kisha inafunguka tena. Malori mawili hayapishani. Jana lori la mbao lilikutana uso kwa uso na lori la saruji, madereva wakatoa vichwa nje.

"Ni mupumbavu gani alichora hii barabara?"

"Rudisha nyuma, papa, usituletee vumbi kwa makala!" akapiga kelele jirani yangu.

Lori la mbao likarudi nyuma. Nilikuwa na mteja anayebishia bei, nikamwacha abishane peke yake. Chuma chote kile, magurudumu yote yale, vikirudi nyuma taratibu mpaka kona, mbele ya miti iliyosimama tu.